Breki za diski za nyuma: namna ya kuzijua, kuzifungua na kuzitunza kabla hazijakwama

Desemba iliyopita tulikuwa tunashuka kutoka Lushoto, mi na mama watoto na wanangu watatu na mizigo ya kutosha kwenye buti, gari ni Subaru Forester ya SG5. Ile barabara mpaka Mombo ni kama kilomita 33 hivi na karibu yote ni kona na mteremko, mlima upande huu bonde upande ule. Tulipokaribia Soni mtoto wa kati akasema baba kuna harufu, kuna kitu kinaungua. Nikapaki, nikazunguka gari nikisogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Tatu zilikuwa na joto la kawaida la mteremko, ila ya nyuma kulia ilikuwa inatoa joto kama jiko la mkaa na kamoshi kembamba kanatoka. Tukakaa pale karibu saa nzima ipoe yenyewe, maji hatukumwaga, alafu tukamalizia kushuka kwa gia ya chini kabisa, taratibu mno.

Kesho yake tukiwa Tanga nikafungua. Pedi ya nje, ile unayoiona ukichungulia kwenye rimu, ilikuwa nzima kabisa. Ya ndani imeisha mpaka chuma kinasaga diski. Na miezi mitano tu nyuma gereji moja walinibadilishia pedi, sasa walichofanya ni kutoa za zamani na kuchomeka mpya basi, pini za kalipa, kile kibanio kinachoshika pedi, hawakuzigusa. Pini ya chini ilikuwa imeshikwa na kutu mpaka nikaitoa kwa nyundo. Nilikasirika sana, na mpaka leo nikikumbuka nani walikuwa wamekaa siti ya nyuma siku ile roho inaniuma. Tangu hapo breki za nyuma nafungua mwenyewe kila miezi sita, na za majirani kadhaa nimeshazifungua, na kitu nilichojifunza ni kimoja: breki za diski za nyuma kwenye gari za familia mara nyingi haziishi, zinakwama. Mtu anabadili pedi mara tatu wakati shida siyo pedi.

Tuanze na kujua una kitu gani. Chungulia kwenye matundu ya rimu ya nyuma. Ukiona sahani ya chuma inayong'aa na kitu kama mdomo kimeibana upande mmoja, hiyo ni diski na kalipa. Ukiona kitu cha mviringo kama sufuria iliyofunikwa, chenye rangi ya kutu, hiyo ni drami na maelezo haya siyo yako. Usikariri kwa jina la gari, maana gari yenye jina lilelile inaweza kuja na diski nyuma kwenye toleo moja na drami kwenye toleo lingine.

Kalipa ya nyuma kwenye gari nyingi za kawaida ina pistoni moja tu, na hiyo pistoni iko upande wa ndani. Ukikanyaga breki, fluidi inasukuma pistoni, pistoni inasukuma pedi ya ndani ibane diski. Sasa pedi ya nje nani anaisukuma? Hamna anayeisukuma. Inavutwa. Pistoni ikishagota kwenye diski, mwili mzima wa kalipa unateleza kurudi ndani, na ule mdomo wa nje unaivuta pedi ya nje nayo ibane. Huko kuteleza kunafanyika juu ya pini mbili zilizopakwa grisi na kufunikwa vimpira. Kwahiyo pini zikikauka grisi au zikipata kutu, kalipa haitelezi, pedi ya ndani inafanya kazi ya watu wawili, na ukiachia breki nayo hairudi vizuri, inaendelea kusugua kilomita nzima nzima. Ndo ile yangu ya Soni.

Na kitu kingine wengi hawakijui, pistoni hairudishwi na springi. Inarudishwa na mpira. Ndani ya kalipa kuna duara la mpira limeikumbatia pistoni, ukikanyaga breki mpira unajipinda kidogo kufuata pistoni, ukiachia unajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kaupana kama ka unywele hivi, hiyo tu inatosha pedi iachie diski. Mpira ukizeeka au pistoni ikiota kutu pembeni, hakuna wa kuirudisha.

Kwanini hasa za nyuma? Kwasababu ukifunga breki uzito wa gari unalalia mbele, za mbele ndo zinabeba kama asilimia 70 ya kazi, kwahiyo za nyuma wametengeneza ndogo, diski yenyewe mara nyingi ni kipande kimoja kisicho na matundu ya upepo katikati. Zinafanya kazi kidogo, hazipati joto la kutosha kukausha maji, na juu yake tope na vumbi lote la tairi za mbele linarushwa huko. Sisi wa pwani, Tanga, Dar, Mombasa, ongeza chumvi ya hewani. Na gari zetu nyingi zimeshakaa yadi huko Japani, zikakaa melini, zikakaa bandarini, miezi inapita diski hazizunguki. Ukinunua gari ya hivi, usiulize pedi zimebaki kiasi gani tu, ulizia pini zinateleza?

Sasa kabla ya kushika spana ni lazima ujue hendibreki yako ni ya aina gani, na hapa usiparuke, hapa ndo watu wanaharibu kalipa nzima. Kuna ambazo hendibreki ina breki shuu zake ndogo zimejificha ndani ya kitovu cha diski, yaani diski yenyewe ina kadrami katikati. Forester iko hivyo, Harrier, X-Trail ya T30, RAV4 za kuanzia 2006, Prado ya 120. Hizi ni rahisi, pistoni unaisukuma moja kwa moja kwa klempu, kile kibano cha kukaza kwa skrubu, inarudi. Alafu kuna ambazo waya wa hendibreki umeingia kwenye kalipa yenyewe, ukichungulia nyuma ya kalipa utaona kamkono na springi na waya umeshikizwa hapo. Golf nyingi ziko hivi, na gari nyingine kibao ndogo. Pistoni ya hizi ina skrubu ndani, haisukumwi, inazungushwa huku unaisukuma, kawaida kufuata mshale wa saa. Ukiilazimisha kwa klempu unavunja ile skrubu na kalipa imekwisha. Nimemwona kijana kafanya hivyo akasema pistoni ngumu lete klempu kubwa zaidi. Aina ya tatu ni ya umeme, hamna mkono wala kanyagio la hendibreki, kuna kibatani chenye alama ya P. Passat ya B6 ilikuja nayo tangu 2005, CX-5 za kuanzia 2017 nazo. Hizo kuna mota kwenye kalipa, inabidi uiweke gari kwenye hali ya matengenezo kwa kompyuta au kwa utaratibu ulioko kwenye kitabu cha gari, ndo ufungue. Kama hauna, peleka kwa mwenye mashine. Usijaribu kwa nguvu.

Dalili za kukwama ziko wazi ukizijua. Gari ukiiweka N kwenye barabara tambarare haibingiriki vizuri kama zamani, inasita. Mafuta yanaanza kwenda bila sababu. Rimu moja ya nyuma inakuwa na vumbi jeusi jingi kuliko mwenzake, au kinyume chake, diski moja ina kutu uso mzima wakati mwenzake inang'aa, maana yake hiyo yenye kutu haifanyi kazi kabisa. Mlio wa kukwaruza mwembamba ukiwa unaenda na unapotea ukigusa breki, hiyo inaweza kuwa kale kakipande ka bati kalikobandikwa kwenye pedi kugusa diski pedi ikikaribia kwisha, kamewekwa makusudi kakulilie. Mtetemo ukiusikia kwenye usukani ukifunga breki angalia za mbele, ukiusikia kwenye siti na kwenye kanyagio, za nyuma ndo washukiwa. Kupima joto tumia kipimajoto cha leza cha mafundi. Zile za kulenga paji la uso za kipindi cha korona hazifai, zimetengenezwa kusoma joto la mwili tu na rimu iliyokwama inapita huko mbali sana.

Haya tufungue. Tafuta sehemu tambarare na ngumu, siyo mchanga. Gari ipoe kabisa. Weka mawe au magogo mbele na nyuma ya tairi za mbele, zote mbili, alafu SHUSHA hendibreki, ukiiacha juu diski haitoki na hizo zenye waya kwenye kalipa pistoni haitorudi. Legeza nati za tairi gari ikiwa bado chini, robo zamu tu, ndo upige jeki. Ikishapanda weka stendi, ile miguu ya chuma ya kushikilia gari, chini ya chesisi sehemu iliyoandaliwa, ushushe gari ikalie stendi, na tairi uliyoitoa isukumie chini ya gari pembeni, stendi ikiteleza gari itaangukia tairi badala ya mguu wako. Jeki ya gari ni ya kunyanyulia, siyo ya kukaa chini yake. Kama hauna stendi acha, azima, kodi, subiri wiki ijayo.

Kabla haujafungua chochote zungusha diski kwa mkono gari ikiwa N. Kwa 4WD utasikia kauzito ka difu, hako ka kawaida, lakini kama unatumia mikono miwili na inazunguka robo inagoma, umeshapata jibu. Angalia pia mpira wa breki ule wa kuingia kwenye kalipa, ukiukunja ukaona nyufa, badili. Mpira huo unaweza kuvimba kwa ndani ukawa kama vali, fluidi inaingia kwa nguvu ya mguu ila hairudi, na breki inabaki imeshika wakati pini na pistoni ni nzima. Ukilegeza kidogo nipo, kale kaboliti ka kutolea upepo kwenye kalipa, na tairi ikaachia papo hapo, mshukiwa ni huo mpira.

Kalipa imefungwa kwa boliti mbili zinazoingia kwenye pini, gari nyingi za Kijapani ni spana 12 au 14, na pini yenyewe unaishika kwa spana bapa ya 17 hivi isizunguke. Mara nyingi unatoa ya chini tu unainua kalipa juu kama mlango wa buti, lakini mi natoa zote mbili maana nia yangu ni pini. Kalipa ikitoka ifunge kwa waya kwenye springi ya shokapu. Usiiache ining'inie kwa mpira wa breki, ni kitu kidogo lakini nakiona kila gereji.

Sasa zitazame pedi mbili zikiwa mkononi, zinakusimulia kila kitu. Ya ndani imeisha ya nje nzima: pini zimekwama au pistoni hairudi. Pedi moja imeliwa mshazari, juu nene chini nyembamba: pini moja imekwama, nyingine bado. Zote zimeliwa sawa: kalipa yako iko poa, badili kwa unene tu. Pedi mpya ya nyuma ina kama milimita 8 hadi 10 za kazi, bila kuhesabu bati la nyuma. Vitabu vya gari vingi vinaruhusu mpaka 2 au hata 1, lakini mi kwa gari inayobeba watoto na kupanda milima nabadili ikifika 3. Na siku zote unabadili kulia na kushoto pamoja.

Vuta pini zote mbili. Zitoke kwa mkono. Mara nyingi hazifanani, moja ina kampira mwishoni au imechongwa bapa, kwahiyo zitoe moja moja na urudishe kila moja kwenye tundu lake, ukizibadilisha kampira kanavimba kwenye tundu lisilo lake na umejitengenezea kukwama kupya. Futa grisi yote ya zamani, ile nyeusi iliyoganda kama lami. Kutu ndogo unaitoa kwa msasa laini sana, lakini pini ikiwa na vishimo nunua mpya, siyo ghali. Tundu lenyewe safisha kwa kitambaa kwenye kijiti mpaka kitoke cheupe. Alafu paka grisi ya breki, ya silikoni, imeandikwa kabisa kwenye tyubu kwamba ni ya breki. Ile grisi ya kopo ya beringi usiitumie hata kama fundi anasema grisi ni grisi. Inatokana na petroli, na vimpira vya breki vikikutana na petroli vinavimba na kulainika, wiki chache pini inakwama kuliko ilivyokuwa. Nina imani kubwa kwamba gari nyingi zinazorudi gereji na shida ileile zimepakwa hiyo. Paka utando mwembamba, usijaze tundu, ukijaza hewa inakosa pa kwenda na pini inasukumwa nje. Ikishaingia isukume na kuivuta, iteleze kama bomba la sindano. Vimpira vya vumbi vikae kwenye mifereji yake pande zote mbili, kikiwa kimechanika badili, maana maji yataingia msimu wa masika tu.

Braketi ya kalipa nayo. Pale masikio ya pedi yanapokaa kuna vibati vyembamba vya chuma kisichoshika kutu. Vitoe. Chini yake utakuta kutu imevimba inavinyanyua, na ndo maana pedi inaingia kwa kugongwa na nyundo. Pedi ya kugongwa na nyundo haitorudi yenyewe! Kwangua kwa brashi ya waya na kwa tupa ya kunolea chuma mpaka pawe safi, rudisha vibati, alafu jaribu pedi, iingie kwa vidole na icheze mbele nyuma bila kulazimisha. Katone ka grisi kwenye masikio na mgongoni mwa pedi panapogusana na pistoni, basi. Kwenye uso wa pedi wala diski isifike hata chembe. Vumbi lote hili usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo, pedi za zamani zilikuwa na asbesto na hata za sasa vumbi lake siyo la kuvuta, limwagie maji yenye sabuni au dawa ya kusafishia breki ulifute likiwa limelowa.

Diski ina kikomo chake kimegongwa kwenye chuma, tafuta maandishi MIN TH na namba, mfano 8.5, hizo ni milimita. Ukipima kwa venia, kile kifaa cha kupimia unene, kumbuka ukingo wa nje wa diski hauliwi, unabaki kama mdomo wa sahani, na venia ikikalia huo ukingo inakudanganya diski ni nene. Weka sarafu mbili zinazofanana, moja kila upande, ndani ya ukingo, pima zote kwa pamoja alafu toa unene wa sarafu. Ikikaribia kikomo usiikate lezi, nunua mpya zote mbili. Diski ikigoma kutoka kwenye habu tafuta matundu mawili madogo yenye nyuzi kwenye uso wake, ingiza boliti za M8 kaza moja kidogo nyingine kidogo, inajisukuma yenyewe. Kama bado inagoma kwenye zile zenye breki shuu ndani, shuu zimeshika, legeza kwanza ile nyota ya ndani, kagurudumu kenye meno ka kukaza na kulegeza shuu.

Hiyo nyota ndo ya kurekebishia hendibreki pia. Kuna tundu limezibwa na kizibo cha mpira, kwenye diski kwa mbele au kwenye bati la nyuma, ingiza bisibisi bapa zungusha nyota mpaka diski ikatae kuzunguka, alafu rudisha. Subaru wanasema meno 3 mpaka 4, Toyota wanasema 8. Ufanye hivyo kwanza ndo uguse waya wa ndani kwenye mkono. Mafundi wengi wanakaza waya tu, mkono unakuwa mfupi na mwenye gari anafurahi, kumbe shuu zinasugua muda wote. Na ukiwa umefungua kitovu angalia hizo shuu, mara nyingine ule utando wake wa kusugulia umebanduka na kubaki vipande vipande humo ndani.

Kurudisha pistoni: weka pedi ya zamani mbele ya pistoni, funga klempu, kaza taratibu sana. Kabla ya hapo fungua kifuniko cha fluidi kwenye boneti, maana fluidi inarudi juu na ikijaa inamwagika, na ikigusa rangi ya gari inaibandua, kwahiyo weka kitambaa na ukiona inapanda nyonya kwa bomba la sindano. Pistoni irudi kwa nguvu ya mkono ya kawaida. Ikigoma kabisa, au kimpira chake kimechanika na kuna unyevu wa fluidi, hiyo kalipa inahitaji kufumuliwa na kuwekewa mipira mipya, usiifunge ukitegemea itapona. Kwa zile za kuzungusha kuna kifaa chake kama boksi lenye meno mawili, na ukimaliza angalia uso wa pistoni, kama una mikato na pedi yako ya ndani ina kachuchu mgongoni, kachuchu kakae ndani ya mkato. Kakikaa nje pedi inabana mshazari tangu siku ya kwanza.

Funga boliti, rudisha tairi, kaza nati kwa msalaba siyo kwa kuzunguka, kwenye SG5 ni kama Nm 100, mtu wa uzito wa wastani kwa wili spana bila kuirukia. Na sasa, kabla haujawasha gari ukatoka, KAA KWENYE SITI UPAMPU BREKI mpaka kanyagio liwe gumu. Pistoni umezirudisha ndani, kwahiyo kanyagio la kwanza linazama mpaka chini na hauna breki kabisa. Gari ikiwa inarudi nyuma kutoka uani na watoto wapo hapo nje, hilo ndo jambo la kuogopa kuliko yote niliyoandika humu.

Kwenye fluidi watu wanazembea kweli. Fluidi ya breki inakunywa unyevu wa hewani, hata kama gari haitembei, na unyevu ukizidi inachemka mapema. Fluidi ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, DOT 4 mpya 230, lakini iliyokwisha kunywa maji inashuka mpaka 140 na 155. Kwenye mteremko wa Lushoto au wa Kitonga breki zikipata moto fluidi iliyozeeka inatoa mapovu kwenye bomba, mapovu yanabanika, kanyagio linazama na gari haisimami. Badili kila miaka miwili. DOT 3, DOT 4 na 5.1 ni ukoo mmoja, ila DOT 5 ni ya silikoni, isichanganywe kabisa, na nunua kichupa kilichofungwa, siyo kile kilichofunguliwa dukani mwezi jana. Kutoa upepo mnakuwa wawili: wa ndani anakanyaga na kushikilia, wa nje anafungua nipo kidogo, kipira cha kuelekeza kikiwa ndani ya chupa yenye fluidi, anafunga, ndo wa ndani aachie. Akiachia kabla haujafunga imevuta hewa na mnaanza upya. Usiache chupa ya juu ikauke. Na ule msemo wa kuongeza fluidi tu ikipungua ni wa hatari, inapungua kwasababu pedi zinaliwa au kuna lekeji, angalia kwanza.

Spea nunua kwa namba ya chesisi, siyo kwa kusema nipe pedi za Forester za nyuma. Ukienda Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road kwa wa Nairobi, nenda na pedi ya zamani mfukoni uilinganishe umbo, masikio na unene wa bati. Feki ni nyingi. Naangalia kama utando umegandana na bati bila mwanya hata wa karatasi, kama bati limechongwa safi, na kama namba imegongwa kwenye bati na siyo kwenye boksi tu. Pedi laini kupita kiasi inaisha miezi miwili, ngumu kupita kiasi inakula diski na kupiga kelele.

Pedi mpya zinatakiwa zizoweane na diski. Mi natoka alfajiri barabara ya kwenda Pongwe ikiwa tupu, naenda 60 nafunga breki kwa wastani mpaka 20 bila kusimama, naachia, narudia mara nane mpaka kumi na kuacha nafasi katikati, alafu naendesha dakika kumi bila kugusa breki zipoe. Usisimame na kubana mguu breki zikiwa za moto, alama ya pedi inabaki kwenye diski. Wiki mbili za kwanza endesha kistaarabu.

Kwa hali zetu, fungua kabla ya masika na baada yake. Ukitoka safari ndefu usiingie kuosha gari moja kwa moja, diski ya moto ikimwagiwa maji ya baridi inaweza kupinda, ngoja nusu saa. Ukiosha gari na kuiacha ipaki wiki nzima, izungushe kwanza mtaani ufunge breki mara tano sita zikauke. Gari ya kupaki muda mrefu sehemu tambarare weka P au gia na mawe, hendibreki iache chini, hasa huku pwani, shuu zinaganda kwenye diski.

Na baada ya kazi yoyote ya breki, uifanye mwenyewe au umpe fundi, endesha kilomita kumi hivi bila kufunga breki sana, simama kwa kuachia gari ipungue yenyewe, shuka, sogeza mkono karibu na rimu zote mbili za nyuma. Zilingane. Kama moja ina joto kuliko mwenzake rudi siku hiyohiyo, na mwambie fundi afungue mbele yako uone pini.